Herufi Aliyoikata Masalu

Kabla ya viatu vya mitumba kufika Igogo kwa marobota, Masalu alikuwa fundi wa kupangiwa foleni. Katambuga zake za tairi la lori, zenye mikanda minne na misumari iliyozamishwa vizuri, zilivaliwa na wavuvi, na wachunga ng'ombe waliokuja mnadani, hata na karani mmoja wa pamba aliyezificha chini ya meza na kuvaa viatu vya ngozi kila alipoitwa na mkubwa wake. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, kama walivyosema redioni. Raba za Ulaya zikamwagwa juu ya maturubai sokoni, mtu anachagua anavyotaka, na vijana wakaanza kuiona katambuga kuwa kiatu cha babu zao. Kufikia mwaka wa tisini na mbili, Masalu alikuwa anashinda kibarazani kwake na kisu kikali mkononi, hana cha kukata.

Aliyemtoa pale kibarazani ni Selina.

Selina alikuwa mama wa miaka thelathini na mitano hivi, mzaliwa wa Ukerewe, mwenye meza ya kadi karibu na posta mjini Mwanza. Kadi alizitengeneza mwenyewe. Alikata karatasi ya manila, akabandika juu yake ndege na mitumbwi aliyoikata kwenye maganda makavu ya mgomba, na magugumaji yalipoanza kuziba ufuko akayaokota hayo pia, akayaanika juu ya bati na kuyageuza kuwa maua. Maneno ndiyo yaliyomtesa. Aliyaandika kwa mkono, kadi baada ya kadi, mpaka vidole vikakakamaa. Katika duka moja la vifaa vya ofisi aliona mihuri ya mpira iliyotoka ng'ambo, yenye maua na maneno ya Kiingereza, akajikaza akanunua mmoja. Wa Kiswahili haukuwapo.

Siku hiyo hiyo akapita Igogo.

"Shikamoo, Mzee Masalu."

"Marahaba, mwanangu. Unataka katambuga?"

"Nataka kama huu." Akamwekea muhuri kiganjani. "Wewe unakata mpira. Na huu ni mpira."

Masalu aliugeuzageuza, akaunusa, akaupitishia ukucha. "Kumbe herufi zake zinatazama nyuma," alisema.

"Ukizigonga kwenye karatasi zinageuka."

"Niachie mpaka kesho."

Kesho yake alikuwa na kambare wa mpira aliyebandikwa juu ya kipande cha mbao, na sharubu zake zote. Selina alimchovya kwenye wino, akamgonga juu ya manila, wote wawili wakacheka kama watoto. Wiki ile Masalu akakata korongo, mtumbwi, shada la maua na pete mbili zilizoshikana. Tairi lilikuwa gumu mno na lina nyuzi, kwa hiyo alinunua mpira wa soli kwa washona viatu, akatumia wembe na spoku ya baiskeli aliyoinoa mpaka ikawa kama sindano. Halafu Selina akamwomba maneno.

Masalu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, katika darasa la kisomo, miaka ile ambayo kila kijiji kilikuwa na ubao na chaki. Cheti chake kilining'inia ukutani juu ya redio. Lakini herufi alizijua kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa aliohamia ukubwani: majina yao yote anayo, ila hakucheza nao utotoni. Alipoandika alijisemea neno taratibu, kisha akaandika alichokisikia kikitoka kinywani mwake.

Na kinywa chake kilikuwa cha Kisukuma. R haikuwamo. Alisema halusi, habali, balabala, kama mama yake na kama nusu ya mtaa, na hakuna aliyeshangaa. Humu tunayanyoosha maneno yake kidogo ili msomaji asichoke, lakini ajue kwamba ndivyo alivyosema.

Basi Desemba ya mwaka wa tisini na tatu alikata muhuri mkubwa kuliko yote, wenye nyota pembeni. Alifanya kazi siku tatu. Selina aliugonga kwenye kadi nyingi, nyekundu kwa kijani, na Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu wakasimama nazo mlangoni mwa kanisa watu wakitoka ibadani. Mwalimu Teodora, aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya, alichukua kadi moja, akavaa miwani. Kisha akaiinua juu kuwaonyesha wanakwaya.

"Jamani, sikilizeni! Heli ya Klismasi na Mwaka Mpya!"

Kwaya nzima iliangua kicheko. Mmoja akaimba "Klismasi, Klismasi," mwingine akamjibu kwa besi. Masalu naye alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kwa sababu alidhani wamefurahia nyota. Ni Selina aliyemvuta pembeni na kumwambia, na hata Selina aliyajua makosa yale dakika ile ile, kutokana na kicheko.

Njiani kurudi, kwenye mteremko wa Igogo, Masalu akapunguza mwendo.

"Nilicheka nao," alisema.

"Yasahau hayo, baba. Unaukumbuka ule muhuri wangu wa dukani? Sista mmoja wa hospitali aliniambia neno la siku ya kuzaliwa limekosewa pale, herufi imeruka. Mzungu mwenyewe kakosea! Na nimeuza kadi zake mwaka mzima, hakuna aliyecheka."

"Hawakucheka kwa sababu si lugha yao. Mimi nimekosea kwetu."

Mtu mwingine angeitupa ile spoku. Masalu alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa la kiume zaidi: alianza kusikiliza. Alisikiliza taarifa ya habari, alisikiliza mahubiri, alisimama karibu na watu wa pwani waliouza nguo sokoni ili aone ndimi zao zinakwendaje. Akagundua kwamba mara nyingi sana, pale ambapo yeye alisema la, wao walisema ra. Heri. Harusi. Hongera. Akakata upya mihuri hiyo mitatu, na safari hii mwenye duka la picha aliyesoma sana aliitazama na kusema iko sawa. Masalu akajitengenezea kanuni: neno alilowahi kuliona kitabuni na kulikumbuka, ataliandika kama alivyoliona. Neno asilolikumbuka, kama mdomo wake unasema la, basi yaelekea ni ra. Mdomo wake hakuuamini tena.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata, mwanamume mmoja alikuja na Selina mpaka kibarazani. Aliitwa Shimba, mfanyakazi wa kivuko cha Kigongo, yule anayepungia magari yaingie mpaka yabanane. Alikuwa na mabega ya mtu wa kazi na macho ya mtu asiyelala. Mkewe, Akelo, alikuwa amefariki kwa homa ya siku tatu, akiwa na mimba ya miezi sita. Sasa palikuwa na ibada ya kumbukumbu nyumbani kwake Buhongwa, na wakwe zake, Wajaluo wa ufukoni Mara, walikuwa wanakuja kwa basi. Alitaka kila atakayekuja aondoke na kadi.

"Niwekee jina lake juu," alisema. "Alipenda ndege, basi kuwe na ndege. Na maneno yawe: Tutakukumbuka daima. Mungu akupumzishe mahali..."

Hapo sauti ikamkatika. Akageukia ziwa.

"Pema," Selina alimalizia polepole.

"Andikeni hivyo tu," Shimba alisema, akainuka.

Masalu hakuthubutu kumwita arudi ili amwulize herufi. Unamwulizaje mtu kitu kama hicho?

Alikata jina, AKELO, likatoka zuri. Alikata korongo mwenye shingo iliyoinama. Alikata mstari wa kwanza. Kwenye mstari wa pili akasimama, spoku ikining'inia hewani. Mahali. Mdomo wake ulisema la, tena waziwazi. Je, alikuwa amewahi kuliona? Alijaribu kulikumbuka. Ndiyo, aliliona, mwaka ule mpwa wake alipoleta barua ya posa ili aisome mbele ya wazee. Neno lilikuwa katikati ya karatasi, na lilikuwa na R, aliikumbuka kabisa ile herufi yenye mguu uliotupwa mbele. Lakini moyo haukutulia. Alisubiri Selina alipokuja na manila.

"Hebu niambie, mwanangu. Ni mahali, au ni mahali?"

"Umesema kitu kimoja mara mbili, baba."

"Wewe unasemaje?"

Selina alisema. Lakini ulimi wa Selina, kama wa watu wengi wa kisiwani kwao, uliigonga herufi ile katikati, si la, si ra, kitu kinachopita haraka kama samaki mdogo. Masalu aliinamisha sikio.

"Tena."

Akasema tena.

"Tena, polepole."

Selina alilivuta neno mpaka likapoteza maana, wakabaki wanatazamana. "Mwulize Mwalimu Teodora," Selina alisema mwishowe.

"Nimpelekee kicheko kingine? Hapana." Akainamia mpira. "Naikumbuka. Ina R. Niliiona kwa macho yangu."

Na akaikata.

Siku ya ibada, Masalu na Selina walikwenda Buhongwa wenyewe na kadi zikiwa kwenye boksi la sabuni, kwa sababu wino wa zile za mwisho ulikuwa umekauka asubuhi hiyo. Shimba aliwapokea kwa mikono miwili, akachukua kadi ya juu, akamgusa korongo kwa kidole gumba, kisha akafunika boksi. "Kaeni mle nasi," aliwaambia. Wakapewa viti vya nyuma chini ya turubai.

Mbele walikaa wakwe. Mzee Yakobo Ojuok, baba wa marehemu, alikuwa mrefu, mwenye koti zito licha ya jua, na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Kando yake alikaa mdogo wake, Odoyo, mfupi, mnene wa shingo, mtu ambaye hata akinyamaza unahisi anasema. Mchungaji alisali. Mtoto wa marehemu, msichana wa miaka minane aliyeitwa Sharon, aliimba ubeti mmoja na kushindwa wa pili, akina mama wakammalizia. Kisha wasichana wawili wakazunguka na boksi wakigawa kadi.

Masalu alingoja. Fundi yeyote hungoja hapo; hutazama nyuso. Aliona watu wakimsifu korongo kwa vidole. Aliona mama mmoja akiibusu kadi. Halafu, kule mbele, akaona vichwa vya wageni vikiinamiana. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Mzee Yakobo aliisogeza kadi karibu na miwani, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kisha akaipumzisha juu ya goti, uso chini.

Odoyo akasimama.

"Mkwe," alimwambia Shimba, wala hakupaza sauti. "Umetuita tuje kulia, au tuje kuchekwa?"

"Baba mdogo, sijaelewa."

"Soma ulichotugawia. Mungu akupumzishe mahari pema. Mahari! Chini ya jina la mtoto wetu!"

Masalu alihisi mikono yake imekuwa ya mtu mwingine. Mama aliyekaa jirani yake, mwenyeji wa pale, akamwinamia Selina na kumnong'oneza habari ambayo Buhongwa yote ilikuwa nayo: kwamba Mzee Yakobo alimwoza binti yake bila kupokea ng'ombe hata mmoja. Shimba alikwenda na ng'ombe, mzee akamwambia arudi nao. Ukoo wa mzee haukumsamehe. Kwao walimwimbia, wakasema amemgawa mtoto kama kibaba cha dagaa, na huku pia wapo waliosema huenda binti alikuwa na kasoro. Miaka tisa walisema. Watu walioumizwa na neno hilo kwa miaka tisa hawakuwa na haja ya kuuliza kwa nini limeandikwa pema na si njema. Waliona walichokiona.

Shimba alikuwa amechukua kadi kutoka kwa mtu wa karibu na alikuwa anaisoma.

"Sikuisoma," alisema. "Wallahi, baba, nilipoona jina lake nilishindwa kuendelea. Sikuisoma."

"Hukuisoma, au ulimtuma mtu?" Odoyo aliuliza.

Hakuna aliyekuwa anamtazama Masalu. Angeweza kukaa pale mpaka mwisho, ale wali, aondoke. Selina alikuwa ameushika ukosi wa shati la Masalu bila kujua kwamba ameushika. Masalu akautoa mkono wake taratibu, akasimama, akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Si mkwe wenu," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeyakata maneno haya. Huyu alitamka sawasawa, mimi ndiye niliyeyaharibu."

"Kwa nia gani?" Odoyo akamgeukia.

"Kwa nia ya kusahihisha." Aliona jinsi jibu hilo lilivyo la ajabu, akalazimika kulieleza lote, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, mbele ya watoto. Alieleza kwamba ulimi wake hauna ile herufi nyingine. Kwamba Krismasi iliyopita alikosea kwa sababu ya ulimi huo, akachekwa mlangoni mwa kanisa. Kwamba tangu hapo, kila anaposikia herufi yake mwenyewe, huitoa na kuweka ya watu wengine. "Nilijua sijui," alisema, "nikaona haya kuuliza. Ndilo kosa langu. Lile la herufi ni dogo."

Odoyo alitoa mguno. "Hadithi nzuri."

Mzee Yakobo aliinua mkono, mdogo wake akanyamaza. Alichukua kadi gotini, akamnyooshea Masalu.

"Ndugu yangu, soma."

Masalu aliipokea. Aliweka kidole chini ya maneno, kama walivyomfundisha kwenye kisomo, akasoma. "Tutakukumbuka daima. Mungu akupumzishe mahali pema."

"Rudia lile neno."

"Mahali."

"Hapo kidole kilipo. Kama lilivyoandikwa."

Masalu aliitazama ile R, mguu wake umetupwa mbele, yeye mwenyewe aliuchonga. Alivuta pumzi. Alijitahidi kwa nguvu zote, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Mahali," alisema.

"Sema ra."

"La."

"Ri."

"Li."

Upande wa jikoni mwanamke mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akajifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kumtikisika, alikuwa analia. Wengine nao walicheka kidogo, wakafuta macho. Masalu hakujua akasirike au ashukuru. Alikuwa amesimama na kadi mkononi, na neno lile sahihi likiwa limetoka kinywani mwake mara tatu, kinywa kile kile alichokidharau.

Mzee Yakobo alimgeukia mdogo wake. "Umesikia? Mtu huyu hawezi kututukana hata akitaka. Ulimi wake unakataa."

"Karatasi haina ulimi," Odoyo akajibu. "Watakaoisoma kule nyumbani watasoma kilichoandikwa."

"Anasema kweli," Masalu alisema. "Naomba zote zirudi kwangu. Nitakata upya."

Ingeishia hapo. Lakini Mzee Yakobo akasimama. Alivua miwani, akaishika kwa uzi wake, na kwa mara ya kwanza siku ile akazungumza na watu wote.

"Kwa kuwa neno limekuja lenyewe," alisema, "acheni niliseme. Miaka tisa mnaniuliza kwa nini, na mimi nanyamaza. Odoyo, wewe ulikuwa mdogo, humkumbuki vizuri dada yetu Nyangweso. Aliolewa kwa ng'ombe kumi na wawili. Ng'ombe wale hawakulala zizini hata mwezi. Walikwenda kuniolea mimi mke. Mwaka uliofuata Nyangweso alirudi nyumbani usoni amevimba, mkono umevunjika. Alikuja kwa miguu. Baba akampa maji, akampa uji, na jioni ile ile akamrudisha. Akamwambia, ng'ombe wako wameshaliwa, nitawatoa wapi? Nami nilikuwa nimekaa mlangoni na mke wangu, nasikia. Dada hakunitazama. Hakurudi tena mpaka tulipokwenda kumzika."

Odoyo alikuwa ameinamisha kichwa.

"Akelo alipozaliwa, nilisema huyu atakuwa na njia ya kurudi. Ikiwa sina cha mtu, hakuna wa kunidai mtoto wangu. Na alirudi. Mara mbili." Akamtazama Shimba. "Mara ya pili mlikuwa mmegombana, sikuuliza sababu. Nikamwambia, unakaa? Akakaa wiki nzima, akala samaki, akanipalilia bustani. Siku ya nane akafunga mzigo wake akasema, baba, nakwenda kwangu. Hakuna aliyemsindikiza. Alikwenda mwenyewe, kwa kupenda. Basi nikajua nilimwoza vizuri."

Alivaa miwani, akakaa. Shimba alipiga magoti mbele ya mkwewe, na mzee akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Mchungaji alianza wimbo kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa wimbo ule Odoyo mwenyewe alizunguka katikati ya jamaa zake akikusanya kadi. Alizileta kwa Masalu zikiwa zimepangwa vizuri, na uso wake haukuwa umelainika sana.

"Safari hii uliza," alisema.

"Niliuliza, ndugu yangu."

"Uliza anayejua."

Jumatatu Masalu alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Teodora. Alimkuta anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Akamweleza yote, tangu kwaya mpaka Buhongwa, bila kumficha kitu. Mwalimu aliiweka kalamu chini.

"Mzee Masalu, siku ile sikujua kwamba ni wewe uliyekata."

"Ungejua usingecheka?"

Teodora alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Ningecheka nikifika nyumbani," alisema.

Masalu hakutegemea jibu hilo, akajikuta anacheka, na safari hii alijua anachocheka. Mwalimu aliandika ule mstari kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari, akaipigia mstari ile L. Masalu alimwomba amwandikie na maneno mengine yote yenye la na ra, akae nayo moja kwa moja. Mwalimu akamwambia hayaishi, hata wenye digrii hukosea. Wakapatana kwamba maneno yote mapya yatapita kwake kwanza, kabla spoku haijagusa mpira, na hakuna atakayejua ila wao. Selina alipoambiwa alisema hilo lingefanywa tangu mwanzo, kisha akakiri kwamba naye atapeleka ya kwake, yale ya mkono, maana hakuwa na hakika na nusu yake.

Kadi mpya zilikuwa tayari Ijumaa. Masalu hakutaka kumsubiri Shimba aje mjini. Alizifunga kwenye nailoni, akapanda gari la Kigongo mwenyewe.

Kivuko kilikuwa ndiyo kwanza kimetia nanga kutoka Busisi, malori ya pamba yakiteremka moja moja, na wauza samaki wa kukaanga wakikimbilia madirisha. Shimba alimaliza kuyapungia magari, akaja akijifuta jasho shingoni kwa kofia yake. Wakasalimiana, wakakaa juu ya gogo karibu na maji. Masalu akafungua nailoni, akatoa kadi moja, akampa, na hakusema kwamba imepita kwa mwalimu wala kwamba iko sawa.

"Isome," alisema. "Hata ikichukua muda. Mimi sina haraka."

Shimba alianza na jina. Alikaa kwenye jina kwa muda mrefu, kadi ikiwa ameishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayekinga upepo. Kisha akateremka kwenye mstari wa kwanza, akausoma kwa sauti. Akasoma wa pili, neno moja moja, mpaka mwisho, na sauti yake haikukatika.

"Ndivyo nilivyosema," alisema.

"Ndivyo ulivyosema."

Honi ya kivuko ililia. Magari ya kwenda Busisi yalikuwa yameshaanza kupanga mstari, na dereva wa lori la mbele alikuwa anapiga kelele aitwe. Shimba aliiingiza kadi ndani ya mfuko wa shati, akaufunga kifungo chake, akavaa kofia. "Nisubiri, mzee," alisema. "Nikirudi safari hii tule samaki." Akashuka kwenda kazini, mkono juu, akiwaita mmoja baada ya mwingine waingie.